Mwongozo wa Kuvaa Sari Kwenye Sherehe, na wa Kuzitambua Walizovaa Wengine

Mwanamke anayealikwa kwenye harusi ya Kihindi Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, au anayekaribishwa na jirani kusherehekea Diwali, mara nyingi huwa na hamu ya kuvaa sari na hofu ya kuivaa vibaya, na hofu hiyo humfanya achukue gauni lake la siku zote kisha akeshe akizitamani sari za wenzake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Unaeleza namna ya kuchagua sari, kuitayarisha, kuifunga na kukaa nayo kwa saa nyingi za sherehe, na baada ya hapo unaeleza jambo ambalo maelekezo mengi huliacha, yaani namna ya kuzitazama sari nyingine zilizomo ukumbini na kuzitambua. Naamini kabisa kwamba nusu ya raha ya vazi hili iko machoni: anayejua anachokiona huifurahia sherehe mara mbili, na humfurahisha pia mwenye sari, ambaye huenda ameitoa sandukuni kwa ajili ya siku hiyo moja tu.

Kuuliza kabla ya kuchagua

Uliza kwanza ni shughuli gani na itafanyikia wapi. Harusi ya Kihindi huwa na siku kadhaa, na siku ya kupaka hina haivaliwi kama usiku wa tafrija ya ukumbini. Siku ya hina na siku ya kupakwa manjano huhitaji sari nyepesi ya rangi changamfu, ambayo hutasikitika ikidondokewa na tone la hina, ilhali karamu ya usiku ndiyo mahali pa hariri nzito na nyuzi za dhahabu. Ikiwa sehemu ya shughuli itafanyika hekaluni, kumbuka kwamba utavua viatu mlangoni, na jambo hili dogo hubadilisha urefu wa sari nzima, kama nitakavyoeleza mbele.

Uliza pia kuhusu rangi. Katika familia nyingi za Kihindu nyekundu ni ya bibi harusi, kwa hiyo mgeni mwenye adabu humwachia na kuchagua zambarau, kijani, samawati, machungwa au waridi. Nyeupe tupu ni rangi ya msiba, na nyeusi huonwa na wazee wengi kuwa haifai kuingia nayo kwenye shughuli ya heri. Hata hivyo mambo haya hutegemea watu wametoka wapi. Watu wa Kerala huvaa vazi la rangi ya maziwa lenye pindo la dhahabu katika sikukuu ya Onam, wanawake wa Bengal huvaa sari nyeupe yenye pindo jekundu wakati wa sikukuu ya Durga Puja, na Wamaratha huvaa nyeusi kwa furaha kabisa katika sikukuu ya Makar Sankranti mwezi wa Januari. Aliyekualika hatachukia ukimwuliza, na mara nyingi swali lenyewe humpendeza.

Kwa msomaji Mwislamu au Mkristo anayejiuliza kama inafaa avae, jibu ni kwamba sari si vazi la ibada ya dini fulani. Huvaliwa na Wahindu, Waislamu, Wakristo na Wabudha kote India, Bangladesh, Nepal na Sri Lanka. Anayejisitiri kwa hijabu anaweza kushonewa blauzi ya mikono mirefu inayoteremka hadi nyonga, akavaa mtandio wa rangi ya palu, yaani ncha ya sari inayopitishwa begani, na sari ikakaa vizuri bila ngozi ya tumbo kuonekana.

Kuchagua kitambaa

Sari ni kitambaa kimoja kisichoshonwa, chenye urefu wa mita tano na nusu hivi na upana wa mita moja na kitu. Sari nyingi za dukani huongezewa mwishoni kipande cha sentimita 80 hadi mita moja kwa ajili ya blauzi. Anayeijua kanga atazielewa sehemu zake upesi, kwa kuwa sari nayo ina pindo linalokwenda pande mbili za urefu na mji wa katikati. Kinachoongezeka ni palu, yaani ile ncha iliyopambwa kuliko sehemu nyingine zote, ambayo huning'inia kutoka begani.

Kwa anayeanza, nashauri jojeti au krepu. Vitambaa hivi hulainika mwilini, marinda yake hulala bila kubishana nawe, na bei yake ni ya wastani. Satini huteleza na kumchosha asiyeizoea. Oganza husimama na kumfanya mvaaji aonekane mnene. Na hariri nzito ya kusini mwa India ni nzuri mno, lakini huelemea bega na kiuno kabla karamu haijafika katikati. Kwa joto la pwani, kitambaa ninachokipenda zaidi ni Chanderi, cha mchanganyiko wa hariri na pamba kinachofumwa Madhya Pradesh, kwa sababu hupitisha hewa na bado kina mng'ao wa sherehe. Jambo moja la usalama lisipuuzwe: kwenye Diwali huwashwa vitaa vya mafuta na fataki, na palu ya kitambaa cha plastiki hushika moto upesi na kuyeyukia ngozini. Usiku huo vaa pamba au hariri, na ncha ya palu uichomeke kiunoni unapokaribia taa.

Sari hupatikana katika maduka ya Kisutu na mitaa ya jirani Dar es Salaam, Biashara Street kule Mombasa na Nairobi, na Diamond Plaza ya Parklands, Nairobi. Kuazima pia ni jambo la kawaida na halina aibu, kwani kitambaa kile kile humtosha mwembamba na mnene, mrefu na mfupi. Kisichoazimika kwa urahisi ni blauzi. Ndiyo maana nawashauri wote wanaotarajia kuvaa sari zaidi ya mara moja washonewe blauzi moja nzuri ya rangi ya dhahabu, ambayo hupatana na sari nyingi.

Kazi ya fundi

Mpelekee fundi kazi mapema, kwa kuwa blauzi ikibana kwapani au ikilegea kifuani hakuna ufundi wa kufunga utakaoificha. Blauzi hukaa sawa na mwili, na ukiijaribu inua mikono yote miwili juu ya kichwa, kisha jikunje kama anayeokota kitu sakafuni. Isipokuruhusu kufanya hivyo, mrudishie fundi akupanulie. Mwombe aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya pembeni, ili blauzi iweze kupanuliwa miaka ijayo.

Gagulo liwe la pamba, la rangi inayokaribiana na sari, na lifungwe kwa kamba. Mpira wa kiunoni haufai kwa sababu uzito wa marinda huuvuta ukashuka. Lifike kwenye kifundo cha mguu na lisionekane chini ya sari.

Kisha kuna utepe wa pamba unaoshonwa kwa ndani kwenye ukingo wa chini wa sari, urefu wa mita mbili na nusu hivi, mahali marinda yanapoangukia. Utepe huu ndio unaoipa sari uzito wa chini ili marinda yashuke wima, na ndio unaoukinga ukingo usichanwe na visigino. Uloweke utepe kwenye maji, uuanike na kuupiga pasi kabla ya kushonwa, maana pamba mpya ikirudi baada ya kufuliwa huivuta sari yote ikakunjamana kwa chini. Mafundi wanaozoea kazi hii wanalijua jambo hili, lakini fundi aliyezidiwa na kazi za sikukuu anaweza kuliruka, mwulize.

Kuifunga

Mtindo ulioenea kuliko yote ni ule wa marinda mbele na palu kwenye bega la kushoto, unaoitwa nivi. Kuvaliwa kwake pamoja na blauzi na gagulo kulipata nguvu Bengal katika nusu ya pili ya karne ya 19, kupitia Jnanadanandini Devi, mke wa Satyendranath Tagore, ambaye alikaa Bombay, akaona namna wanawake wa Kiparsi walivyovaa, akarudi Calcutta na mtindo wake. Palu ilipowekwa bega la kushoto, mkono wa kulia ulibaki huru kwa kazi na kwa salamu.

Anza ukiwa umeshavaa blauzi, gagulo na viatu utakavyokwenda navyo. Ukijua kwamba utavua viatu hekaluni, vaa ndala au viatu bapa, kwa sababu sari iliyopimwa kwa kisigino kirefu itaburuta sakafuni mara tu visigino vinapobaki mlangoni, na utaikanyaga. Funga kamba ya gagulo kwenye usawa wa kitovu au chini kidogo, kwa nguvu kiasi cha kuona inabana. Baada ya dakika chache hutaihisi, ilhali kamba iliyolegea itakusumbua usiku wote.

Ishike ncha ya sari isiyo na palu, ule utepe ukiwa chini kwa ndani, na uichomeke kwenye gagulo upande wa kulia wa kitovu. Ukingo wa chini uguse sakafu kidogo tu. Sasa izungushe kuelekea kushoto, ipite mgongoni na kurudi mbele kutokea kulia, huku ukiuchomeka ukingo wa juu kidogo kidogo mpaka mzunguko mmoja utimie. Kabla ya kuendelea, jitazame kwenye kioo kuanzia miguuni: ukingo wa chini uwe sawa kuzunguka mwili mzima. Kosa la hapa halirekebishiki baadaye bila kufungua yote.

Wengi hufundishwa kukunja marinda ya mbele kwanza. Mimi nafuata njia ya wanawake wanaowavisha maharusi, ambao huanza na palu. Iache sehemu ya katikati ining'inie, uishike ncha yenye palu, na uikunje marinda marefu yenye upana wa vidole vinne, ukianzia kwenye pindo la chini hadi la juu, ili pindo moja libaki juu ya mengine yote likionekana lote. Yapitishe marinda hayo upande wa kushoto, nyuma ya mgongo, chini ya kwapa la kulia, kifuani, hadi bega la kushoto. Yaache yateremke nyuma hadi usawa wa goti, kisha yabane kwa pini kwenye blauzi. Tia shanga moja ndogo kwenye pini kabla ya kuibana, nayo itakizuia kitambaa kisiingie kwenye kile kikunjo cha pini na kuchanika. Kwa hariri ya thamani, shanga hii ni ya lazima.

Kitambaa kilichobaki mbele ndicho cha marinda ya kiunoni. Kinyooshe, weka ukingo wa juu kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, na ukunje ukienda na kurudi kwa upana wa mnyoosho huo. Utapata marinda matano hadi saba kulingana na mwili wako. Yapange yaangalie kushoto, yagongeshe pamoja kwa juu ili yalingane, yatikise yanyooke, kisha yabane kwa pini na kuyachomeka yote kwa pamoja kwenye gagulo karibu na kitovu. Mwenzako akichuchumaa akayavuta marinda kwa chini, moja baada ya jingine, hadi kila rinda likae na ncha yake sakafuni, tofauti itaonekana papo hapo, na kwa sababu hiyo ni vizuri kuvaa mkiwa wawili. Pini ya tatu iweke kiunoni upande wa kushoto, mahali kitambaa kinapogeuka kwenda mgongoni. Pini tatu zinatosha. Anayejibana kwa pini kumi hutembea kwa woga na kitambaa huonekana kimekufa.

Mtindo wa pili unaofaa kuujua ni wa Kigujarati, kwa kuwa familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki zina asili ya jimbo la Gujarat na eneo lake la Kutch, magharibi mwa India, na akina mama wao wazee bado huuvaa. Kiunoni hufungwa karibu vile vile, lakini palu hutoka mgongoni ikaja mbele juu ya bega la kulia, ikatandazwa kifuani, na kona yake moja ikavutwa hadi kiuno cha kushoto na kuchomekwa kwa nyuma. Uzuri wake ni kwamba palu yote, yaani sehemu iliyofanyiwa kazi kubwa kuliko zote, inakaa mbele mbele ya macho ya watu. Ukiwa na sari yenye palu nzito ya nakshi, jaribu mtindo huu hata kama ni mara yako ya kwanza.

Kukaa na sari usiku mzima

Tembea hatua fupi kidogo kuliko kawaida, na ukipanda ngazi yainue marinda kwa mkono wa kulia kutoka mapajani, usiyashike kwenye ncha za chini. Unapoketi, yakusanye yasikaliwe, na palu uilaze mapajani. Kwenye kula, izungushe ncha ya palu kutoka nyuma na kuichomeka kiunoni upande wa kulia, maana mchuzi wa manjano hautoki kwenye hariri. Msalani, inua sari na gagulo kwa pamoja kutoka chini hadi kiunoni, ukizishika mbele ya tumbo, na usifungue kitu chochote.

Manukato yapakwe mwilini kabla ya kuvaa. Yakipuliziwa kwenye nyuzi za dhahabu huzifanya ziwe nyeusi.

Kuzitazama na kuzitambua

Sasa umekaa, umevaa vizuri, na ukumbi umejaa. Anza na bibi harusi. Katika harusi ya Kigujarati mara nyingi huingia amevaa panetar, sari ya hariri nyeupe yenye pindo jekundu, ambayo kwa desturi hutolewa na mjomba wake upande wa mama. Baadaye familia ya bwana harusi humfunika kwa gharchola, kitambaa chekundu kilichogawanywa miraba kwa nyuzi za dhahabu, na ndani ya kila mraba mna pambo la vitone: tembo, tausi, ua. Mgeni asiyejua huona mavazi mawili mazuri. Anayejua huona ukoo mmoja ukimtoa binti yake na mwingine ukimpokea, mbele ya watu wote, bila neno kusemwa.

Vitone hivyo vya gharchola ni vya bandhani, na bandhani ndiyo ya kuitafuta kwanza kwa akina mama wengine, kwa sababu inatoka Kutch na Jamnagar, huko huko ambako mababu wa wengi wao walipanda jahazi kuja pwani hii. Hutengenezwa kwa kukibana kitambaa kidogo kidogo kwa ukucha, kufunga uzi kila kilipobanwa, kisha kukitia rangi; palipofungwa rangi haiingii, na pakifunguliwa panabaki kitone. Hukaribii sari yenye maelfu ya vitone hivi bila kustaajabia vidole vilivyovifunga. Ukiitazama kwa karibu utaona kwamba vitone havilingani kabisa, kila kimoja kina umbo lake, na katikati ya vingi mna alama ndogo ya rangi palipobanwa ukucha. Kitambaa chenyewe kina vivimbe vidogo vidogo vilivyoachwa na nyuzi, na wauzaji huiuza sari ikiwa bado imekunjamana ili mnunuzi avione. Iliyochapishwa mashinini ni bapa, na vitone vyake vinafanana vyote.

Ukibahatika utakutana na patola ya Patan, mji wa Gujarat. Hii si ya kutarizi wala ya kuchapa: nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) hufungwa na kutiwa rangi zote kabla ya kufumwa, kwa hesabu ya kwamba zikikutana kwenye kitanda cha mfumi pambo litokee lenyewe, nyekundu juu ya nyekundu, kijani juu ya kijani. Uzi ukihama kidogo tu, pambo huharibika. Sari moja huchukua miezi mingi, wakati mwingine karibu mwaka mzima, na familia ya Salvi ndiyo mashuhuri kwa kuuhifadhi ufundi huu. Alama zake mbili ni hizi: mipaka ya mapambo yake haikatiki kwa ukali bali ina ukungu mwembamba, na upande wa ndani ni sawasawa na wa nje. Palu ikigeuka mvaaji anapogeuka, tazama mgongo wa kitambaa. Patola za kuigiza, zilizochapishwa, ni nyingi sana na huvaliwa kwa furaha, wala hakuna sababu ya kumdharau aliyevaa. Lakini macho yaliyowahi kuiona ya kweli hayachanganyi tena.

Banarasi ya Varanasi, mji wa kaskazini mwa India, hujulikana kwa nakshi ya majani na mizabibu iliyofumwa kwa zari, yaani uzi wa madini unaong'aa. Hapa pia ukweli uko nyuma ya kitambaa. Katika nyingi utaona nyuzi zinazoelea kutoka ua moja hadi jingine, au zilizokatwa. Katika zile bora zaidi kila ua limefumwa peke yake, na nyuma yake ni safi. Kanjivaram ya Kanchipuram, katika jimbo la Tamil Nadu, utaitambua kwa uzito wake na kwa pindo la rangi tofauti kabisa na mji, kwa mfano kijani cha kasuku dhidi ya zambarau. Tazama mstari ambapo rangi hizo mbili zinakutana: pindo na mji hufumwa kwa nyuzi tofauti za mshindio zinazoshikanishwa, na mara nyingi mpaka huo hukatwa meno meno mithili ya vilele vya hekalu. Paithani ya Maharashtra huwa na tausi na mayungiyungi kwenye palu. Jamdani ya Bangladesh ni nyepesi hata mkono unaonekana kupitia kwake, na maua yake yanakuwa kama yanaelea hewani. Ufundi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013.

Usitazame kitambaa peke yake. Tazama namna kilivyofungwa, maana humo ndimo mtu alimo. Mama wa Kimaratha akivaa sari ya mita nane hivi, iliyopitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma, anaweza kucheza na kupanda ngazi bila kushika kitu. Wabengali wa mtindo wa zamani huipitisha palu begani mara mbili, na wengine hufunga mkungu wa funguo kwenye ncha yake. Bibi mwenye umri mkubwa hana pini hata moja, na palu yake haitikisiki. Nyakati za sala, tazama jinsi wanawake wanavyoivuta palu kichwani kwa mkono mmoja, bila kuangalia, na jinsi kila mmoja anavyoufanya mwendo huo kwa namna yake.

Kusifu inavyostahili

Ukiona sari iliyokugusa, mwambie mwenyewe, na utaje ulichokiona. Kusema «umependeza» ni adabu, lakini kusema «Shikamoo mama, mpaka wa pindo lako umefumwa kwa ustadi, je, ni Kanjivaram?» humfungulia mzee mlango wa kusimulia: nani aliinunua, ilivaliwa na nani mara ya kwanza, ilifikaje hapa. Ukikosea jina, atakusahihisha kwa furaha na utakuwa umejifunza. Usiulize bei. Usishike kitambaa bila ruhusa. Akikuruhusu, shika ncha ya palu peke yake, kwa mkono mkavu uliofutwa mafuta ya sambusa. Picha nayo huombwa kwanza, hasa ukitaka kuipiga palu kwa nyuma, ambako mwenyewe hakuoni.

Baada ya sherehe

Toa pini zote kabla ya kuvua, kwani pini moja iliyosahaulika huweza kuchana kitambaa kizima. Ianike sari kivulini ndani ya nyumba usiku kucha ili jasho likauke. Sari za pamba zinaweza kufuliwa nyumbani kwa maji baridi na sabuni laini, lakini hariri na zari zipelekwe kwa dobi anayesafisha bila maji, na doa lolote umwonyeshe mapema, kabla halijakomaa.

Kwa wakazi wa pwani, adui mkubwa ni unyevu, unaozifanya nyuzi za zari zififie na kuwa nyeusi. Ifunge sari kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, usiiweke kwenye mfuko wa plastiki, na vidonge vya nondo visigusane nayo. Pilipili manga chache au majani makavu ya mwarobaini ndani ya kifuko cha pamba vitafukuza wadudu. Kila baada ya miezi mitatu au minne itoe, ipunge hewa kivulini, na uikunje kwa mikunjo mingine, maana hariri iliyokunjwa mahali pamoja kwa miaka hukatika palepale kwenye kikunjo. Utepe wa chini ndio huchakaa kwanza kwa kusuguana na sakafu. Fundi huufumua na kushona mwingine, na sari iliyobadilishiwa utepe kwa wakati huweza kuvaliwa na binti wa mwenyewe, na na binti wa binti huyo.